Nguvu Iliyolala Katika Damu



Mwezi huu nimekusudia kusema juu ya damu. Na sababu ya kusema ni habari ya jirani yangu mmoja, Mungu amrehemu, ambaye tulikuwa tukisali naye safu moja. Asubuhi moja baada ya sala ya alfajiri alitaka kuvaa viatu vyake mlangoni mwa msikiti, mkono wake wa kulia ukawa haumtii. Alipotaka kusema, maneno yakatoka yamepindana, na upande mmoja wa uso ukashuka. Tukamchukua nyumbani kwake. Mmoja akasema ni upepo, mwingine akasema achuliwe kwa mafuta ya habasoda, na mimi mwalimu wao, ambaye wote walikuwa wakinitazama, nikasema: "Na apumzike kwanza, nimsomee." Nikamsomea. Wala sijuti kumsomea. Ninalojutia ni kuwa nilimsomea kitandani, hali ya kuwa ningaliweza kumsomea ndani ya gari tukiwa njiani. Alifika hospitali baada ya sala ya alasiri. Daktari alituuliza neno moja kabla ya mengine yote: "Ilianza saa ngapi?" Tulipomjibu aliinamisha kichwa. Jirani yangu aliishi miezi saba baada ya hapo, asiweze kulitamka jina la mwanawe.

Swali lile la daktari lilikaa moyoni mwangu. Kwa nini aliuliza saa? Basi mwanafunzi wangu mmoja, niliyemfundisha alifu na be, na ambaye leo anafanya kazi katika maabara, alipokuja kunizuru siku za Idi nilimwuliza. Naye akanieleza habari za kitu kimoja kiitwacho plasminojeni. Niliyoyasikia kwake, na niliyoyasoma baadaye, ndiyo ninayoyaandika hapa, ili asiwepo msomaji wa ukurasa huu atakayekosea kama nilivyokosea mimi.

Kila mmoja wetu amepata kujikata kidole akimenya muhogo. Damu hutoka, na baada ya dakika chache husimama. Husimama kwa sababu ndani ya damu mna protini iitwayo fibrinojeni, iliyoyeyuka humo kama sukari katika chai. Panapotokea jeraha, fibrinojeni hugeuzwa ikawa nyuzi ziitwazo fibrini, na nyuzi hizo hujisuka wavu, na wavu ule huzinasa chembe za damu, likawa bonge la kuziba tundu. Lau si hivyo, mtu angalikufa kwa mwiba.

Lakini jeraha likisha kupona, wavu ule hauna kazi tena, nao yapasa uondolewe, kama fundi aondoavyo jukwaa lake ukuta ukisha simama. Na ukisukwa mahali pasipo jeraha, ndani ya mshipa ulio mzima, huizuia damu kupita. Ukiziba mshipa wa moyo, ni mshtuko wa moyo. Ukiziba mshipa wa ubongo, ni kiharusi, na hayo ndiyo yaliyomsibu jirani yangu.

Anayeuondoa wavu huo ni plasmini, nayo ni kimeng'enya. Kimeng'enya ni kitu ambacho mwili hukiumba ili kikate au kiunganishe vitu vingine, nacho chenyewe kisiishe, mfano wa mkasi wa fundi cherahani, hukata nguo nyingi nao ungali mkasi. Sasa fikirini: mkasi huo ungalikuwa unatembea wazi katika damu usiku na mchana, ungalikata kila nyuzi ya fibrini, na fibrinojeni yenyewe, na mtu angalitokwa na damu hata akafa. Kwa hivyo Mola wetu Mwenye hikima hakuuacha wazi. Ini hutengeneza plasmini ikiwa imefungwa, imelala, haina ukali wowote, na katika hali hiyo ndipo huitwa plasminojeni. Kila lita moja ya maji ya damu ina kiasi cha miligramu 200 za plasminojeni, nazo hutembea mwilini mwetu zikingoja.

Hungoja nini? Hungoja kuamshwa. Plasminojeni ni mnyororo wa pingili 791, nao huamka ukikatwa mahali pamoja tu, baina ya pingili ya 561 na ya 562. Anayekata hapo ni kimeng'enya kingine, ambacho mojawapo ya mahali kinapotoka ni kuta za mishipa yenyewe. Nasi tutakiita mwamshaji. Na la ajabu zaidi ni hili: mwamshaji na plasminojeni wakikutana katika damu ipitayo, kazi yao huwa dhaifu. Lakini wakikaa wote wawili juu ya bonge la fibrini, hapo kazi huenda mbio. Kisha plasmini ikiponyoka na kutoka nje ya bonge, yuko mlinzi katika damu, aitwaye antiplasmini, ambaye huikamata mara moja. Basi nguvu hiyo huamka mahali panapohitajiwa, na mahali pengine hukomeshwa. Ambaye hili halimwongezei imani, sijui ni lipi litakalomwongezea.

Wataalamu hawakuyajua haya kwa siku moja. Mwaka 1933, katika mji wa Baltimore huko Marekani, daktari mmoja jina lake William Tillett alikuwa akizichunguza bakteria ziitwazo streptokoki, ambazo baadhi yake huleta maradhi ya koo. Alidhani ya kuwa damu iliyotiwa bakteria hizo haitaganda. Ikaganda kama nyingine. Mtu mwenye haraka angaliimwaga, akasema kazi imepotea bure. Lakini alipoitazama tena baada ya muda, aliliona lile bonge limeyeyuka limekuwa maji. Vijana, liangalieni jambo hili: faida ilikuwa katika kutazama mara ya pili.

Watu wakadhani kuwa bakteria ndizo zilizolikata bonge. Mwaka 1941 Haskell Milstone akaonyesha ya kuwa sivyo. Alitumia fibrini safi, isiyo na vitu vingine vya damu, na kitu kile cha bakteria hakikuweza kuiyeyusha mpaka alipoongeza kiasi kidogo cha maji ya damu ya binadamu. Ikajulikana ya kwamba mkasi wamo nao binadamu, na bakteria huuamsha tu. Mwaka 1945 L. R. Christensen na Colin MacLeod wakalibainisha jambo lenyewe, na tangu hapo kile kilicholala kikaitwa plasminojeni, na kilichoamka plasmini. Kitu kile cha bakteria kikaitwa streptokinesi.

Sasa nieleze kazi yake katika maabara, kwani hapo ndipo mwanafunzi wangu aliponionyesha uzuri wa mambo kwa maneno mepesi.

Kazi ya kwanza ni kuipata yenyewe ikiwa safi. Plasminojeni ina vishikio vitano, kama vidole vya mkono, na baadhi ya vishikio hivyo hupenda kushika kitu kiitwacho laisini, kilichomo katika fibrini. Mwaka 1970 wataalamu wawili, Deutsch na Mertz, waliitumia tabia hiyo. Waliijaza mrija punje ndogo zilizopakwa laisini, kisha wakayapitisha humo maji ya damu. Vitu vyote vikapita vikaenda zake, plasminojeni ikabaki imeshika. Kisha wakapitisha dawa inayofanana na laisini, nayo plasminojeni ikaachilia punje ikatoka. Njia hiyo ingali inatumika hata leo. Unga unaopatikana hukaushwa na kuwekwa mahali pa baridi kali, nao hutumiwa katika maabara nyingi za ulimwengu.

Kazi ya pili ni kupima. Mwaka 1952 Tage Astrup na mwenzake Müllertz, wa Copenhagen, Denmark, walieleza njia ya sahani. Humiminwa fibrini yenye plasminojeni katika sahani ya kioo, ikaganda kama faluda nyembamba. Kisha juu yake hudondoshwa tone la kitu unachotaka kukijua, na sahani ikawekwa katika joto la mwili hata kesho yake. Ikiwa ndani ya tone lile mna mwamshaji, plasminojeni huamka, na fibrini huyeyuka mahali pale pakabaki duara tupu. Duara likiwa kubwa, mwamshaji ni mwingi. Likiwa dogo, ni mchache. Nami nikamwuliza: "Mtajuaje kuwa tone lile halikuwa na mkasi ulio macho tangu mwanzo?" Akacheka, akasema: "Mwalimu, hapo umeuliza swali la maabara." Akanieleza ya kuwa huipasha sahani ya pili moto wa nyuzi zaidi ya 80, plasminojeni iliyomo ikaharibika, na fibrini ikabaki. Tone likitoboa sahani zote mbili, lina mkasi ulio macho. Likitoboa ile ya kwanza peke yake, lina mwamshaji tu. Kwa sahani mbili na tone moja hukumu hutolewa, kama kadhi atakavyo mashahidi wawili.

Siku hizi wanayo pia njia ya rangi. Katika maji ya damu ya mgonjwa hutiwa streptokinesi nyingi, ili plasminojeni yote iamke. Kisha huongezwa kitu kisicho na rangi, ambacho plasmini ikikikata hutoa rangi ya manjano. Mashine huupima umanjano ule, na daktari akajua mgonjwa ana plasminojeni kiasi gani. Kwani wako watoto wachache mno duniani waliozaliwa na upungufu wake. Baadhi yao huota utando mgumu kama ubao ndani ya kope za macho, kwa kuwa fibrini hujikusanya na hakuna wa kuiondoa. Mwaka 2021 Marekani iliruhusu plasminojeni iliyotolewa katika damu ya watu itumiwe kuwa dawa ya wagonjwa hao.

Na kutokana na sahani hizo na mirija hiyo zilitoka dawa zilizookoa watu wengi. Mwaka 1986 huko Italia wagonjwa zaidi ya 11,000 wa mshtuko wa moyo waligawanywa mafungu mawili, fungu moja likapewa streptokinesi. Katika wasiopewa, walikufa 13 katika kila 100 ndani ya siku 21. Katika waliopewa, walikufa kama 11. Mwenye pupa atasema tofauti ni ndogo. Lakini watu 2 katika kila 100 ni baba za watu na mama za watu. Na waliopata faida kubwa kabisa walikuwa wale waliopewa dawa mapema, hasa katika saa ya kwanza.

Ama kiharusi, dawa yake ni yule mwamshaji wa kuta za mishipa, ambaye sasa hutengenezwa viwandani. Mwaka 1995 ilithibitika huko Marekani kuwa akitiwa mshipani kabla ya kupita muda wa saa 3 tangu dalili kuanza, wagonjwa wengi zaidi hupona bila ulemavu mkubwa. Mwaka 2008 huko Ulaya ikathibitika faida hata muda wa saa 4 na nusu. Muda ukizidi sana, sehemu ya ubongo huwa imekwisha kufa, na mishipa yake imedhoofika; mkasi ukiamshwa hapo, hatari ya kutoka damu ndani ya ubongo huishinda faida. Tena hata mapema hatari hiyo ipo, kwa hivyo daktari haitoi dawa mpaka apige picha ya kichwa ajue kuwa kiharusi ni cha mshipa ulioziba, wala si cha mshipa uliopasuka. Hiyo ndiyo maana ya swali: "Ilianza saa ngapi?" Daktari hakuwa akitusaili kama watuhumiwa. Alikuwa akitafuta kama mlango ungali wazi, nasi tulikuwa tumeufunga tangu asubuhi.

Sisemi ya kuwa kila hospitali katika nchi zetu ina dawa hiyo na mashine ya picha, kwani sivyo. Lakini hata palipo na upungufu, mgonjwa aliyefika mapema ana msaada mwingine mwingi, na aliyechelewa hupungukiwa na msaada hata pale penye kila kitu.

Yako na mambo ya upande wa pili, na akina mama wayasikilize. Ikiwa mwenye bonge mahali pabaya ataka mkasi uamke, mwenye kutokwa na damu nyingi ataka mkasi ulale, ili bonge linalomhifadhi lisikatwe. Huko Japani daktari mmoja mwanamke, Utako Okamoto, pamoja na mumewe Shosuke, waliazimia kutafuta dawa ya kuwaokoa wazazi wanaotokwa na damu baada ya kujifungua. Bibi huyo hakuwa na wa kumwachia mtoto, akawa akifanya kazi maabara hali amembeba binti yake mgongoni. Mwaka 1962 wakatangaza dawa iitwayo asidi ya traneksamiki. Nayo hufanana na laisini: hukaa katika vishikio vya plasminojeni, isiweze kulishika bonge. Ni hila ile ile ya mrija wa punje niliyoieleza, illa hii ni ndani ya mwili wa mtu.

Miaka mingi ikapita kabla ya dawa hiyo kujaribiwa sawasawa kwa wazazi. Hatimaye wanawake 20,060 wa nchi 21, na katika hizo zimo Tanzania, Kenya, Uganda na Kongo, waliingia katika jaribio kubwa ambalo matokeo yake yalitangazwa mwaka 2017. Dawa ilipunguza vifo vya kutokwa na damu, na waliopewa kabla ya saa 3 tangu kujifungua vifo vyao vilipungua kwa kiasi cha theluthi moja. Waliochelewa kupita hapo hawakuonekana kupata faida. Bibi Okamoto alikuwa amekwisha fariki mwaka 2016, umri wake miaka 98. Basi tazameni: dawa hizi mbili ni kinyume kwa kinyume, moja huamsha na nyingine hulaza, lakini zote mbili zina sharti moja, nalo ni wakati.

Najua yuko msomaji atakayeuliza: Je, dawa iliyotoka katika damu, au katika bakteria, yatufaa sisi Waislamu? Kitabu chetu kimeharimisha kula damu, na pia kimemsamehe aliyelazimika, asiyetamani wala kupindukia. Na wanavyuoni wengi wa zama hizi wamejuzisha kumtia mgonjwa damu penye haja, na kutoa damu kumsaidia mwenzako, ikiwa mtoaji hadhuriki wala hauzi. Mwenye shaka na amwulize mwanachuoni anayemwamini. Lakini na aulize leo akiwa mzima, asingoje mpaka mgonjwa awe amelala mbele yake na saa zinakwenda.

Na sasa nasaha yangu kwa kila nyumba. Ukimwona mtu uso wake umeshuka upande mmoja, au mkono hauinuki, au maneno yamempotea ghafula, itazame saa, uikumbuke au uiandike, kisha mpeleke hospitali pale pale. Usimlishe wala usimnyweshe, kwani huenda hawezi kumeza, na chakula kikaingia katika pumzi. Usimpe aspirini kwa kubahatisha, kwani hujui kama mshipa umeziba au umepasuka. Vivyo hivyo aumwaye kifua kwa kubanwa na jasho likamtoka, na mzazi ambaye damu yake haisimami: msingoje kupambazuke, wala msingoje mwenye nyumba arudi safari. Nawaambia hasa waume: ruhusa ya mkeo kwenda hospitali katika hali hiyo itoe sasa hivi, ukiwa umeketi naye mnasoma ukurasa huu.

Na kisomo? Someni, wala msiache. Mtume wetu (s.a.w.) ametuamrisha kujitibu, naye ndiye aliyetufundisha dua. Wala hayo mawili hayagombani, ila sisi ndio tunaoyagombanisha kwa uvivu wetu. Mimi tangu siku ile, nikiitwa kumsomea mgonjwa wa ghafula, neno langu la kwanza ni kuuliza: "Gari liko wapi?" Kisha naingia naye, nikasoma njiani.

Namwomba Mwenyezi Mungu amrehemu jirani yangu, anisamehe kwa saa zile nilizompotezea, awape afya wagonjwa wetu, na awajaalie vijana wetu wawe katika wale wanaotazama mara ya pili. Amin.

Wassalaamu alaykum.